Unga wa Duka la Alexander

Nthambi alikuwa akikunja pindo la sketi ya shule aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka redioni. Akaondoa mguu kwenye cherehani ili asikie vizuri. Wiki nzima alikuwa amewahubiria majirani wa soko la Voi wafungulie Redio Ngangao, stesheni ya umma, kwa sababu angetokea kwenye kipindi cha kumbukumbu. Sasa muuza viatu na akina mama wawili wa mboga walikuwa wamejibanza mlangoni pa kibanda chake, wanatabasamu kana kwamba wao ndio waliohojiwa.

Unga ulikuwa umepanda tena, na mjini kila mtu aliapa kwamba maisha hayajawahi kuwa magumu namna hii. Ndipo stesheni ikaamua kuwatafuta waliokuwa na nyumba za kulisha mwaka wa tisini na tatu, mfumuko wa bei ulipowatesa watu kweli kweli, waeleze waliyoyaona. Mtangazaji Josephat, kijana wa Mwatate, alikuja na kinasa sauti chake akaketi juu ya gunia la vitambaa. Nthambi akamwaga yote.

"Usiponunua asubuhi, jioni bei imekuwa nyingine," sauti yake ilisema redioni. "Mwenye duka alikuwa anafuta kibao kwa kiganja, anaandika upya, na sisi tunamwangalia. Halafu siku moja Alexander, yule wa duka la kona, akafunga. Kufuli mlangoni. Watu wakasema ameficha unga ndani, anangoja bei ipande zaidi. Tulisimama pale na watoto mgongoni, na mlango haukufunguliwa."

Muziki ukaingia. Baada yake akaja mhadhiri wa uchumi, akaanza kueleza habari za serikali kuchapisha pesa nyingi kuliko mali iliyopo. Nthambi alikuwa bado amekaza macho kwenye redio, akingojea sauti yake irudi. Haikurudi.

"Wamekata," akasema.

"Umeongea vizuri, mama Kasiva," muuza viatu akamsifu. "Lakini huyo Alexander, kumbe alikuwa mtu mbaya hivyo!"

"Hakuwa mbaya! Hiyo siyo hadithi yenyewe. Wamekata!"

Lakini watu walikuwa wameanza kutawanyika, kila mmoja na lake la kusema kuhusu wafanyabiashara wanaoficha bidhaa.

Kabla ya saa sita simu yake ikalia. Alikuwa Wakesho, bintiye Alexander, mwalimu huko milimani Mghange, ambako mzee alirudi kuishi baada ya kuacha biashara. Wakesho hakusalimia.

"Mama Kasiva, baba yangu alikukosea nini?"

"Mwanangu, sikia kwanza."

"Nimesikia. Hata wanafunzi wangu wamesikia. Baba anakaa na redio mapajani kutwa nzima, hana rafiki mwingine siku hizi, na leo redio hiyo imemwita mwizi wa chakula cha watoto. Kwa mdomo wako."

"Yeye amesema nini?"

"Hajasema kitu. Amezima, ameingia kulala, na jua bado liko juu."

Wakesho akakata. Nthambi alijaribu kurudi kwenye sketi, akashona pindo likaenda upande, akalifumua, akashona tena likaenda upande vilevile. Kasiva, bintiye ambaye alifanya naye kazi kibandani, alimnyang'anya kile kitambaa.

"Mama, tulia. Ni redio tu. Kesho watakuwa wamesahau."

"Wewe usiniambie nitulie. Wewe ndiye uliyekula huo unga."

Kasiva aliijua habari hiyo tangu utotoni. Mwaka ule yeye alikuwa mtoto mchanga anayeanza uji. Baba yake, Mulei, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, na mshahara wa mwisho wa mwezi ulipofika mkononi ulikuwa umekwisha nguvu, unanunua nusu ya kile ulichonunua mwezi uliopita. Siku zile duka la kona lilipofungwa, Nthambi alizunguka nyuma, kwenye mlango wa jikoni, akabisha bila matumaini yoyote. Alexander akafungua kidogo, akamtazama mtoto, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa karatasi uliojaa unga. "Huu ni wa jikoni kwetu," alimwambia. "Dukani hakuna kitu. Nimefunga kwa sababu naona haya kuwabadilishia bei kila kukicha watu ninaosali nao kanisa moja." Hakutaka malipo. Nthambi alitembea na ule mfuko chini ya leso kama mtu aliyeiba, na tangu siku hiyo alipotaka kumpa mtu mfano wa Mkristo alimtaja Alexander.

Hiyo ndiyo hadithi. Na redio ilikuwa imeikata kichwa.

Kesho yake alifunga kibanda akaenda stesheni, amevaa nguo za kanisani. Josephat alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti.

"Mmenikata, Josephat."

"Hatujakukata, mama."

"Nilisema kwamba alinipa unga. Nilisema kwamba duka lilikuwa tupu."

Kijana akafungua kompyuta, akamwekea mazungumzo yote tangu mwanzo. Nthambi akajisikia akikohoa, akimwambia mteja angoje, akifika kwenye kufuli, kwenye watoto mgongoni, kwenye mlango ambao haukufunguliwa. Hapo pakasikika treni ya mizigo ikipita, ndefu, na Josephat akisema, "Asante sana mama, hiyo inatosha." Kisha kimya.

"Rudia hapo mwisho."

Akarudia. Ilikuwa vilevile.

"Lakini nilikwambia," Nthambi akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka.

Josephat akakuna shingo. "Uliniambia, mama. Nakumbuka. Nilikuwa nakunja nyaya, umenipa njugu, ukaniambia habari za mfuko wa unga. Ilikuwa tamu kuliko yote. Lakini mashine ilikuwa imezimwa, na kitu ambacho hakiko kwenye kinasa sauti siwezi kukirusha."

"Kwa hivyo ukarusha uwongo."

"Kila neno ulilisema wewe."

"Kila neno nililisema, na bado ni uwongo!"

Mhariri, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, alitoka ofisini kwake kwa ajili ya zile kelele. Alisikiliza pande zote mbili akiwa amesimama. Stesheni, alieleza, husahihisha makosa, na kwa kanuni zao hapa hapakuwa na kosa: mtu alihojiwa, maneno yake yakarushwa. Lakini mtu mzima alikuwa ametajwa kwa jina hewani na hakuna aliyempigia simu kumuuliza upande wake. Alimgeukia Josephat, naye Josephat akaangalia sakafu. Wakakubaliana Nthambi arekodi sehemu iliyobaki palepale, iwekwe kwenye kipindi cha Jumatano inayofuata. Nthambi akarekodi. Safari hii alikagua kwanza kama taa nyekundu inawaka.

Alidhani angetoka pale mwepesi. Hakutoka mwepesi. Usiku alijigeuzageuza kitandani, mchana alipima watu kiuno akakosea. Jumatano ilikuwa mbali mno, na mzee wa watu alikuwa huko juu amezima redio yake. Jumamosi hakuvumilia tena. Akanunua sukari na majani ya chai, akapanda gari la Wundanyi, na kutoka hapo akaunganisha hadi Mghange.

Kule baridi ilimshika hata kabla hajashuka. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya kabichi, na alipanda kijia akiwa ameinama, akipanga maneno. Alimkuta Alexander ameketi jikoni karibu na moto, koti zito mwilini, amekonda kuliko alivyomkumbuka. Wakesho alikuwa akichambua maharagwe. Alimwitikia Nthambi hodi kwa sauti ya chini, akamwonyesha kigoda, akaendelea na maharagwe.

"Mama Kasiva," mzee akasema. "Umekuja mpaka huku?"

"Nimekuja kuomba msamaha, baba Wakesho. Hawakusema yote. Lakini nimekwenda, nimewagombeza, na Jumatano watasema. Nimewaeleza kwamba duka lilikuwa tupu. Kwamba ulifunga kwa haya. Kwamba unga ulionipa ulikuwa wa jikoni kwenu, mkajinyima ninyi."

Mkono wa Wakesho ukasimama juu ya ungo. Kwa mara ya kwanza alimtazama Nthambi bila chuki.

Alexander alisogeza kuni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Wasiseme," akasema.

"Wasiseme nini?"

"Hiyo. Unga nilikuwa nao."

Mzee akaendelea polepole, huku akiutazama moto. "Marobota ya unga yalijaa chini ya kitanda mpaka ukutani. Nilikuwa nimeuza shehena yangu ya kwanza kwa bei ya kawaida, kama mtu mzuri. Nikaenda Mombasa na zile pesa kununua nyingine, zikaninunulia nusu. Nikauza tena, nikaenda tena, zikaninunulia nusu ya nusu. Nikaona nikifungua mlango, mwezi ujao sina duka na wanangu hawana shule. Basi nikafunga. Hapo ndipo ulipobisha, na mtoto akinitazama."

"Uliniambia ni wa jikoni," Nthambi akasema.

"Nilikuambia. Ningekuambia nini tena? Ningesema ninao mwingine, ungemwambia jirani, naye angemwambia jirani. Nilipofungua duka wiki iliyofuata niliuza kwa bei ya juu, na watu wakanishukuru kwa kupata unga. Wakanishukuru, mama Kasiva. Hilo ndilo lililonikaa."

Wakesho alisimama, maharagwe yakamwagika. "Baba, mwaka huo mimi nilianza sekondari!"

"Ndiyo," mzee akasema. "Ulianza."

Wakesho akatoka nje kwenye ukungu, hata shali hakuchukua.

Nthambi alibaki ameshika pakiti ya sukari ambayo alikuwa hajaitoa. Alitaka kukasirika, akashindwa kupata mahali pa kuanzia. Mtu huyu alimdanganya, na mtu huyuhuyu alimlishia mtoto. Miaka yote alikuwa amemsimulia kama mtakatifu, na juzi alikuwa ameenda kupigana na redio kwa ajili yake, na sasa Jumatano ingefika na uwongo mpya, mtamu, kwa sauti yake mwenyewe, taa nyekundu ikiwaka. Akatoa simu mkobani.

"Josephat? Ni mama Kasiva. Ile ya Jumatano, usiirushe."

"Kwa nini tena, mama? Mhariri ameshaipitisha."

Nthambi akamtazama Alexander. Mzee alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu. Akampa simu.

"Kijana," Alexander akasema, "mashine yako iko karibu? Iwashe."

Kipindi kilirushwa Jumatano kama kilivyopangwa, lakini sauti iliyotoka haikuwa ya Nthambi. Mzee alisema kila kitu, hata yale ya chini ya kitanda, hata ile bei ya juu. Mhariri hakukata popote, na mwanzoni aliomba radhi yeye mwenyewe kwa kuwa kipindi kilichotangulia kilimtaja mtu bila kumuuliza. Kibandani kwa Nthambi safari hii hakukuwa na mtu mlangoni. Alisikiliza na Kasiva peke yao, na Kasiva alipotaka kusema kitu alimwinulia kidole.

Simu za wasikilizaji zikaanza. Mmoja alitukana, wakamkata. Mama mmoja wa Mahoo akacheka, akasema hata mamake alifukia sukari kwenye pipa la mahindi. Kisha akaja mwanamume aliyejitambulisha kama Muinde, mkulima wa Mata.

"Mimi wakati huo nilikuwa kibarua hapo Voi," alisema. "Nilisimama kwenye huo mlango wa mbele na mtoto mgonjwa. Sikujua kuna mlango wa nyuma. Ni hayo tu."

Josephat alimuuliza mtoto alikuwaje. Muinde akasema ni hayo tu, akakata.

Nthambi alishindwa kukaa. Alitoka nje, akazunguka kibanda, akarudi, akampigia Alexander. Simu iliita mpaka akadhani haitapokewa.

"Umemsikia?" akauliza.

"Nimemsikia."

"Baba Wakesho, si lazima..."

"Niombee namba yake kwa yule kijana," mzee akasema. "Akikataa kuipeana, amwambie yeye anipigie. Akikataa vilevile, nitateremka Mata."

Josephat alikataa kutoa namba, kama sheria yao ilivyotaka, lakini alifikisha ujumbe. Muinde hakupiga wiki hiyo wala iliyofuata. Nthambi alikuwa akimuuliza Josephat kila akipita stesheni, mpaka kijana akaanza kumkwepa. Wakesho naye hakupokea simu za Nthambi. Alituma ujumbe mmoja tu kusema mzee anakula vizuri na kwamba asitumiwe sukari tena.

Hatimaye Nthambi alipata habari kutoka kwa Josephat. Muinde alikuwa amempigia Alexander. Wale wazee wawili walizungumza muda mrefu, Alexander akiwa nje shambani, amemwambia bintiye abaki ndani. Josephat aliomba waje studio, au angalau wamruhusu arekodi. Wote wawili walikataa.

"Walisema nini lakini?" Nthambi akauliza, ameshika mkasi.

"Sijui, mama. Hawakuniambia."

"Na yule mtoto? Alipona?"

"Sijui."

Nthambi alimkodolea macho, kisha akarudi kwenye kitambaa alichokuwa akikata. Alikata vipande viwili vya mikono, vyote vya upande wa kushoto, akavitupa chini. Akamwita Kasiva ashike kibanda, maana yeye kesho alfajiri anakwenda Mata.