Mkaguzi Siku ya Kuvuna Zabibu

Gwen Tolliver alitoka Kanada na masanduku mawili, cheti cha kufundishia Kiingereza kilichofungwa kwenye nailoni, na viatu vizito vya theluji ambavyo hapa Kakheti, mkoa wetu wa Georgia, vilimfaa paka kulalia. Alipewa chumba kwa Bibi Natela, na siku ya kwanza, jua halijazama, alikuwa amekwisha kulishwa mara nne. Aliposema ameshiba, Bibi Natela alidhani anaumwa, akamwongezea jibini.

Maisha yakamnogea. Kwao alikuwa akiuza bima kwa simu, na watu walimkatia kabla hajamaliza kutaja jina lake. Hapa kwetu watoto walimwita kutoka juu ya kuta. Na zabibu! Huko duniani kuna matunda yanayoitwa zabibu. Zabibu zenyewe ziko kwetu, na asiyekubali hajaonja. Basi Gwen akataka mwaka wa pili. Ofisi ya elimu ikamwandikia: mkaguzi atakuja Alhamisi ya mwisho wa Septemba, amkute akifundisha wanafunzi wasiopungua kumi. Wakipungua, mkataba umekwisha, akauze bima.

Jumatano akawauliza darasani, "Kesho mtakuja nyote?"

"Tutakuja, Mwalimu!" wakaitikia wote kumi na wanne.

Akalala usingizi mnono, maskini. Mtu wa Kakheti hamwambii mgeni "hapana". Humwambia "ndiyo", halafu haonekani. Na jioni ile ile redio ilitangaza kwamba Ijumaa itanyesha mvua ya mawe, nazo zabibu zimeiva mpaka nyigu wanalewa. Hata mimi niliyeikimbia shule darasa la sita nilijua kesho yake nani atakuwa wapi.

Alhamisi asubuhi Gwen alisimama mbele ya madawati matupu. Akatoka mbio hadi nyumbani, akamkuta Vazha, mtoto wa Bibi Natela, anapakia ndoo kwenye trekta.

"Vazha, watoto wako wapi?"

"Wapi tena? Shambani!"

"Waliniahidi!"

"Kwani ulitaka wakukatalie usoni? Watoto wenye adabu wale." Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Panda, dada. Kalia ndoo."

Gwen alitaka kulia, ila trekta la Vazha linaruka hivi kwamba machozi hayapati pa kutulia. Akaanza kufikiri. Barua ilidai wanafunzi kumi. Kuta haikuzitaja. Akampigia simu mlinzi wa shule: mkaguzi akifika, aelekezwe shambani.

Akawapanga watoto pande mbili za mstari wa mizabibu. Wa huku aulize kwa Kiingereza, wa kule ajibu kabla kishada cha zabibu hakijafika kwenye ndoo. Atakayekosea abebe ndoo mpaka kwenye trekta. Weee! Hujapata kuona watoto wakikumbuka maneno namna ile.

Saa tano akatokea mkaguzi, Bwana Shota, na mkoba wake, viatu vinang'aa.

"Hili ndilo darasa?"

"Karibu, mwanangu," Bibi Natela akasema. "Shika kisu."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na sisi tumelala?"

Bwana Shota akafungua fomu yake. "Hapa panaulizwa idadi ya madawati."

"Hakuna," Gwen akajibu kwa sauti ndogo.

"Madirisha?"

Vazha akatazama mbinguni. "Andika moja. Kubwa."

Watoto wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. "Mwalimu, siwezi kusaini hii. Wakubwa watanifukuza."

Bibi Natela hakuacha hata kukata vishada. "Shota, kwenu mna mizabibu?"

"Tunayo."

"Nani anaivuna leo?"

"Mke wangu." Akakohoa. "Na wanangu."

"Aa. Kumbe kwenu leo si siku ya shule."

Mkaguzi akafunga mkoba, akaufungua tena. Mwishowe akamwendea Elene, binti wa miaka tisa, akamuuliza kwa Kiingereza amejaza ndoo ngapi. Elene akamjibu sentensi nzima, nne, ya tano inakaribia, kisha akamuuliza na yeye amejaza ngapi. Bwana Shota akatazama mikono yake, safi kama ya daktari.

Akapita mstari mzima akiuliza. Hakuna aliyekwama. Akahesabu vichwa: kumi na vinne. Akageuza ndoo kitako juu, akaweka fomu, akasaini.

Gwen alimkumbatia Bibi Natela, maji ya zabibu yakawapaka wote wawili. Nyama ilikuwa imeanza kunukia juu ya makaa ya matawi ya mizabibu, lakini mkaguzi akakataa kuketi.

"Nikiondoka sasa, nitamsaidia mke wangu mistari miwili mitatu," alisema, akivua koti. "Mwalimu, mwakani nitakuja kukukagua Februari."

"Februari," Vazha akasema, "sote tunapogoa mizabibu."