Hesabu Ilitimia, Lakini Mama Turfosa Hakuwa Kwenye Basi

Wakuu, salamu kutoka Kisumu, na Bwana asifiwe kwa wale wanaoitikia.

Mimi nina miaka sabini na moja, ni mzee wa kanisa, na haya niliyaona kwa macho yangu. Sitaongeza chumvi. Yanatosha yalivyo.

Nilipostaafu ualimu nilipata kazi ndogo ambayo namshukuru Mungu kwayo. Kuna mama hapa mjini anayekodisha magari: mabasi mawili ya vikundi na limousine moja nyeupe ya harusi. Mimi ni karani wake wa safari.

Mwanzoni sikuelewa kwa nini tunaandika vitu vingi hivyo. Kila safari ina trip sheet yake: namba ya gari, dereva ameanza kazi saa ngapi na amepumzika wapi, kilomita za kutoka na za kurudi, jina la kila abiria na kiti chake, na simu ya jamaa wake wa karibu. Mwisho kuna nafasi ya kuandika mambo ya njiani. Karatasi zinakaa kwenye faili, maana mkaguzi au watu wa bima wanaweza kuziulizia baadaye.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamuuliza mwenye magari, kwani idadi peke yake haitoshi? Akasema, "Mwalimu, wewe andika tu."

Hata limousine haisamehewi. Kuna bibi harusi aliyefika kwenye sehemu ya jamaa wa karibu akasimamisha kalamu. "Mzee, niandike mama yangu ama huyu?" Huyu mwenyewe alikuwa amekaa kando yake na ua kwenye koti, anamwangalia. Akaandika mama yake.

Sasa, siku yenyewe.

Tulipeleka akina mama wa kanisa Mbita kwa ibada ya shukrani, thelathini na wanne. Njia yetu ni kwenda mpaka Luanda Kotieno, basi linaingia kwenye feri, tunavuka ziwa.

Kurudi mchana, feri ilibeba basi jingine la kukodi, jeupe kama letu, lenye akina mama kutoka mkutano huo huo. Nguo za bluu, vitambaa vyeupe kichwani, sawa na akina mama wetu. Wengi wao na wengi wetu walipanda sitaha ya juu ya feri kuimba.

Mimi nilibaki chini na dereva wa lile basi, kijana wa Bungoma anaitwa Wafula. Nilitaka kujua kama wao pia wana karatasi kama yetu.

"Karatasi ya nini, Mzee? Mimi naweka kwa kichwa. Watu ishirini na nane, nikifika ishirini na nane naenda."

Nikamwambia nitamtumia picha ya trip sheet yetu aione. Akacheka, lakini akanipa namba. Nikaiandika pale kwenye mambo ya njiani, kwa sababu ndiyo karatasi iliyokuwa mkononi.

Tulipofika Luanda Kotieno, basi la Wafula lilitoka kwanza, likaenda. Letu lilikawia kwa sababu akina mama walikuwa wananunua samaki. Dereva wetu, Owuor, akapita katikati ya viti akihesabu kwa kidole.

"Thelathini na nne. Twende."

Wakuu, hapa nieleze kitu. Marehemu nyanya yangu hakukubali watu wahesabiwe kwa kidole. Ng'ombe sawa, watu hapana. Na kwenye Maandiko kuna mfalme aliyehesabu watu wake akajuta. Sisemi ni dhambi. Nasema mimi mkono wangu haufanyi. Huwa naita majina.

Owuor akapumua kwa nguvu. "Mzee, hii si primary."

"Nipe dakika tatu."

Nikaita. Wakaitika, wengine kwa mzaha, "Present, teacher." Nikafika Mama Turfosa. Kimya.

Nikaita tena. Mama Dorsila, jirani yake wa kiti, akasema, "Si huyu hapa amelala? Nimekuwa nikiongea naye tangu kwa feri."

Akavuta leso usoni mwa yule aliyelala. Hakuwa Mama Turfosa. Alikuwa mama mwingine kabisa, nguo ya bluu, kitambaa cheupe, akatuangalia kama sisi ndio tumepotea.

"Dorsila," mmoja akasema, "umeongea na mgeni safari nzima?"

"Alikuwa ananisikiliza vizuri."

Walicheka, lakini haikudumu. Mkoba wa Mama Turfosa ulikuwa pale chini ya kiti. Ndani kulikuwa na simu yake, na dawa yake ya sukari, ile ya kudunga, ambayo alikuwa adunge jioni kabla ya kula. Mama wa miaka sabini na nane, hasikii vizuri, na hatujui yuko gari gani, ama kama hata alitoka Mbita.

Nikapigia binti yake, kwa ile namba ya jamaa wa karibu. Sikumficha. Akasema, "Mwalimu, mama anaogopa maji. Akiyaona anatafuta mahali pa kujificha asiyaone."

Hapo nikaelewa. Alishuka kutoka juu akaingia kwenye basi la kwanza aliloliona. Na huyu wa kwetu naye alifanya vile vile. Ndiyo maana hesabu ilitimia huku na kule.

Nikampigia Wafula.

"Mzee, nimehesabu. Ishirini na nane kamili."

"Usihesabu. Simamisha gari, uite Mama Turfosa kwa sauti kubwa."

Nikamsikia akiita. Kimya. Akaita tena. Niliomba, wakuu, maneno machache tu. Halafu kwa mbali, sauti ya kukasirika: "Nani ananipigia kelele?"

Tulikutana Ndori, pale njia ya Bondo na ya Kisumu zinapoachana. Mama zetu wawili wakapishana barabarani, wakasalimiana kwa mkono kama watu waliojuana zamani. Mkoba wake nikampa mimi mwenyewe, sikumpa mtu ampelekee.

Wafula akaja dirishani. "Ile picha, Mzee. Nitumie leo."

Nilichojifunza ni kwamba karatasi hizi si za mkaguzi peke yake. Idadi itakwambia gari limejaa. Haitakwambia nani amebaki nyuma.

Ningependa kusikia kwenu, hasa mnaofanya kazi ya magari ya kukodi: mnaandika nini, na mnaita majina ama mnahesabu? Nauliza kwa kutaka kujua.

Kabla hatujaondoka Ndori, Mama Turfosa aliomba aone karatasi. Akatafuta jina lake kwa kidole mpaka akalipata, akalikazia macho.

"Umeandika niko dirishani," akasema. "Safari ijayo uniweke katikati. Dirishani naona maji."

Nikaandika, chini kabisa, kwenye mambo ya njiani.