Bi Ukuta Arudi na Jibu

Jina la Bi Ukuta alipewa na mumewe, na mumewe alikuwa na sababu.

Siku ya kwanza ya mafunzo ya udadisi, kazi ya kuhoji watu kwa ajili ya utafiti, mkufunzi aliwapanga wawili wawili, huyu aulize, yule ajibu, akawa anapita kati yao akikagua nyuso. "Ukitabasamu, mtu atakupa jibu la kukufurahisha," alisema. "Ukikunja uso, atakupa la kukutuliza. Uso wako uwe ukuta. Jibu ligonge, libaki lilivyo." Mama huyu, aliyekuwa ameuza vitambaa dukani kwa shangazi yake na kufundisha chekechea hadi chekechea ikafungwa, alilishika somo lile kwa mikono miwili, akaenda nalo mpaka nyumbani.

"Kabati limekaaje?" mumewe alimwuliza jioni moja. Alikuwa fundi seremala, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

Mke alilitazama kabati. Uso haukutikisika.

"Wewe mwenyewe ungesema limekaa vizuri sana, vizuri kiasi, au si vizuri?"

"Jamani, nimeoa ukuta!" fundi aliwalalamikia dada zake, na jina likaota miguu, likatoka nje, likafika hata kule mashambani mkewe alikokuwa akifanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chuo. Watafiti walitaka kujua kama namna watu wanavyokausha na kuhifadhi mahindi ina uhusiano wowote na afya ya watoto, na kama afya hiyo ndiyo inayowafanya wakose shule. Nyumba zilizokubali kushiriki zilipigiwa kura. Nusu zilipewa maturubai ya kuanikia mahindi, na nusu zikaambiwa zisubiri: utafiti ukiisha, nazo zitapewa. Kila msimu Bi Ukuta alipita nyumba kwa nyumba na kishikwambi chake. Aliuliza maswali, akampima mtoto uzito na kimo, akachota konzi moja ya mahindi kwenye mfuko kwa ajili ya maabara, akaaga. Uso ule ule, kila mlango.

Nyumba ya kona, yenye mlango wa buluu, ilikuwa ya bibi mmoja mwenye sauti ya kengele. Aliishi na mjukuu wake wa kike ambaye mama yake alifariki mapema. Walimwita Chiriku, kwa kuwa mwili ulikuwa mdogo lakini maneno hayakuisha. Kura haikuiangukia nyumba ile. Mahindi ya bibi yaliendelea kuanikwa chini, juu ya udongo alioufagia mwenyewe hadi ukang'aa, na jioni aliyakusanya yangali na joto la jua akayafunika na nailoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na maswali yako?"

"Nimekuja nayo."

"Basi kaa. Ukuta ukisimama sana utatuangukia."

Siku hiyo Chiriku alikuwa amelala kwenye mkeka, amejikunja, mkono juu ya tumbo. Hakusema neno. Bi Ukuta aliuliza maswali yote kwa mpangilio wake, na bibi akajibu yote, mpaka wakafika lile la mwisho kabisa, ambalo kila dodoso huishia nalo: "Je, una swali lolote la kutuuliza?" Katika misimu yote ya kazi yake, hakuna mtu aliyewahi kulijibu ila kwa "sina," huku akiinuka kwenda kutazama moto wake.

"Ninalo," bibi alisema.

Kidole cha Bi Ukuta kilibaki hewani juu ya kioo.

"Watu wanasema namnyima mtoto chakula. Huyo jirani yangu, Redio, ameshatangaza mpaka bombani. Na mwanangu ameamini. Shule zikifungwa anakuja na lori lake kumchukua binti yake, ampeleke kwa shangazi yake, eti mimi nimechoka kulea. Sasa wewe umempima huyu. Umeyachota mahindi yangu. Umeniuliza mpaka nakula nini na nani. Niambie: ni mkono wangu?"

Uso ulibaki ukuta. Ndani ya viatu, vidole vya miguu vilijikunja.

"Sijui, bibi. Ndiyo maana tunauliza."

"Na mkishajua?"

"Nitarudi kukuambia."

Kicheko kikaruka juu ya ua. Redio mwenyewe alikuwa upande wa pili, anaanua nguo. "We bibi, umewahi kumwona mmoja wao akirudi? Walikuja wa maji, wakauliza. Wakaja wa mbuzi, wakauliza. Hata wale waliokuja kukagua vyoo! Wote wameondoka na majibu yetu kama mtu aliyeazima sufuria."

Bibi hakugeuka. "Huyu atarudi," alisema, akimkazia macho Bi Ukuta. "Si umesema?"

"Nimesema."

*

Matokeo yalipotoka, shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Kiongozi wa utafiti, mwanamke ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kushika sindano, aliwaita wadadisi ofisini, chumba chenye pangaboi lililolia kama mlango mbovu, akawaonyesha michoro ukutani. Kisha akawashukuru. Ripoti ingeandikwa, yeye angekwenda kuisoma mkutanoni, na mkataba wa gari ulikuwa unakwisha wiki ile ile. Maturubai ya nyumba zilizosubiri yalikuwa stoo, ungetafutwa usafiri.

Wengine walipotoka, Bi Ukuta alibaki.

"Maturubai yatatafutiwa usafiri. Na maneno yatakwenda na nani?"

"Maneno gani?"

"Haya ya ukutani. Kuna mtu niliahidi kumrudishia jibu."

Daktari alivua miwani. "Nani alikuruhusu kuahidi?"

"Swali la mwisho, Daktari. Mtu ameulizwa kama ana swali, akasema analo."

Daktari aliirudisha miwani machoni. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekutwa na mgeni aliyemngoja siku nyingi. "Unajua hilo swali naliweka kila mara? Kila utafiti. Na halijawahi kuniletea kitu zaidi ya 'sina.' Ameuliza nini?"

Bi Ukuta akamwambia, bila kumtaja mtu.

"Tutakwenda," Daktari alisema. "Kwa basi, kama hakuna gari. Lakini sikiliza. Ya nyumba ya mtu hayasemwi mbele za watu. Na tusichokijua tusikiseme, hata kama kitapendeza."

Yakaanza mashauriano ya maneno, ambayo hakuna aliyetegemea kuwa yangekuwa magumu hivyo. Utamwambiaje mtu kwamba kitu kinaonekana kuwa hivi, bila kusikika kama umbea? Utaelezaje kuvu isiyoonekana kwa macho kwa mtu anayechambua mahindi yake punje kwa punje? Wawili wale walihamia karakana ya fundi, wakamketisha juu ya kigogo, penseli sikioni, wakamfanya ndiye kijiji.

"Sijaelewa," fundi alisema. "Rudieni."

Wakarudia.

"Hapo kwenye unyevu nimeelewa. Hapo kwenye asilimia mmeniacha porini."

Asilimia ikatupwa. Na Bi Ukuta, kwa mara ya kwanza tangu mafunzo, alikuwa anatumia mikono, macho na nyusi.

"Angalia," fundi alimwambia Daktari kwa siri, "ukuta unatoa dirisha."

*

Mkutano ulifanyika darasani, siku shule zilipofungwa. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Nje lori la mwana wa bibi lilikuwa limeegeshwa, tupu, na begi la Chiriku tayari lilikuwa kwenye kiti cha mbele. Mwana mwenyewe alisimama karibu na mlango, funguo mkononi, kama mtu asiyekusudia kukaa.

Bi Ukuta alisimama mbele. Kisha akamwona bibi kwenye dawati la mbele, mgongo umenyooka kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na maneno yakaja.

"Mlitujibu. Leo tumekuja kujibu sisi," alisema. "Mahindi yaliyoanikwa chini yalinyonya unyevu wa udongo. Yakifunikwa yangali na joto, yanatoka jasho. Humo humo kuvu inazaliwa, na nyingine hata uchambue vipi huioni. Katika nyumba zilizoanika juu ya turubai, watoto waliugua mara chache zaidi, wakakosa shule mara chache zaidi. Hawakula chakula kingi kuliko wenzao. Walikula kikavu kuliko wenzao."

Darasa likafumuka kwa kelele.

"Kwa hiyo sisi wa chini tumewalisha wanetu sumu?" Redio alisimama, mikono kiunoni.

"Mmewalisha mlichovuna, mkaanika walivyoanika mama zenu. Hata sisi tulikuja kuuliza kwa sababu tulikuwa hatujui. Nani hapa amewahi kuanika chini?"

Mkono mmoja. Kisha mitano. Kisha darasa zima lilikuwa mikono, na wa Redio ulikuwa wa mwisho kupanda, taratibu, kama bendera isiyo na upepo.

Mwana wa bibi alizungumza kutoka mlangoni. "Na mtoto wa nyumba fulani akiwa anakula, lakini hakui?"

Bi Ukuta alimtazama Daktari. Daktari alitikisa kichwa: hapana, si mbele za watu.

Dawati la mbele likalia. Bibi alikuwa amesimama.

"Ya nyumba yangu mimi ndiye mwenyewe, na nayatoa," alisema kwa sauti yake ya kengele. "Semeni. Watu wote wasikie, na Redio asogee karibu asije akakosa neno."

Daktari alivuta pumzi, kisha akakubali.

"Bibi," Bi Ukuta alisema, "chakula ulichompa mjukuu wako kilitosha. Tumeuliza kila msimu, na kila msimu kilitosha. Mahindi yako yalikuwa na kuvu. Siwezi kuapa kwamba ni hilo peke yake, na mtoto aende kliniki aangaliwe. Lakini uliniuliza kama ni mkono wako. Mkono wako haukumnyima."

Bibi aliketi. Alishika kona za khanga yake, akazikunja, akazikunjua.

Mwana wake alitoka nje. Watu waligeuza shingo. Walisikia mlango wa lori ukifunguliwa, ukabamizwa. Aliporudi alikuwa na begi dogo la maua, akaliweka juu ya dawati mbele ya mama yake, kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama," alisema. Kisha, kwa Daktari: "Hayo maturubai yako wapi? Nina lori tupu."

Kishindo kilichofuata kiliwatoa ndege kwenye paa la shule. Na Redio, apewe haki yake, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

*

Mavuno yaliyofuata, ukiingia kijiji kile, ulipokewa na maturubai: ya buluu, ya kijani, ya rangi ya chungwa, ua kwa ua, na mahindi juu yake yakitoa mlio mkavu kila mtoto alipoyageuza. Chiriku alikuwa amekwenda kliniki, akatibiwa, akarudi na maneno yake yote. Pindo la sare yake lilikuwa limeshushwa, na alama ya pindo la zamani ilionekana wazi juu ya goti.

Bi Ukuta alifika bila kishikwambi. Alikuja tu.

"Kaa hapo," bibi alimwamuru. "Leo nauliza mimi. Chiriku, simama. Sasa wewe, ukimwangalia huyu, umefurahi sana, umefurahi kiasi, au hukufurahi?"

Bi Ukuta alijaribu. Aliukaza uso kwa mazoea, na ukamponyoka kwenye pembe za mdomo, kisha machoni, kisha wote. Alicheka mpaka akashika ukingo wa kibaraza, machozi yakimtiririka.

"Sana, bibi. Andika: sana."

Kichwa cha Redio kilichomoza juu ya ua, kikaona, na dakika ile ile habari ikaondoka kuelekea bombani: "Jamani! Njooni muone! Ukuta umeanguka!"