Chungu cha Nywele Zangu

Niliondoka Kibomet kwa sababu ya wembe. Wafula, mume wangu, tulikuwa tumemzika nyuma ya nyumba yetu hapo Kitale, na jamaa zake walikuwa wameshapanga siku ya kuninyoa, kama wajane wa kwao wanavyonyolewa. Kuomboleza sikukataa. Nilikataa kushikwa kichwa. Nywele hizi Wafula alikuwa akinisuka Jumapili mchana, mistari yake ikipinda ovyo, nami naenda nayo sokoni hivyo hivyo bila haya. Nikamwambia mama mkwe naenda kutafuta chungu cha kuweka kaburini. Nusu yake ilikuwa kweli.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala barabarani. Lori la mahindi lilinibeba hadi Ndalu, kisha nikapata gari la Bungoma. Nilisinzia na kuamka, mashamba yakielea dirishani, na kila mara nilihisi vidole vya Wafula utosini.

Jioni nilifika kwa senge, dada wa baba, mfinyanzi anayeishi nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alinikagua mlangoni.

"Ni kama hujarara wiki mzima. Unataka nyungu, ama unatoroka?"

"Yote mawili, Senge."

"Basi kaa. Udongo haina haraka."

Kesho yake tulichimba udongo mtoni, tukauponda, tukafinyanga. Chungu kilikauka kivulini siku kumi. Siku ya nne shemeji yangu mkubwa alipiga simu kwa jirani: nirudi, Jumamosi ya pili nitanyolewa, nitake nisitake. Nililia sana, kwa hasira. Senge aliendelea kusugua chungu kwa kokoto.

Siku ya kumi na moja tulikichoma kwa kuni na nyasi. Senge alipokiopoa kwa mti mrefu, kingali moto kabisa, niliomba mkasi. Nilikata mwenyewe, nikiziacha nywele zianguke juu yake. Zilijikunja, zikaungua, zikaacha mistari myeusi iliyopinda ovyo. Niliitambua mara moja. Hapo nikajua kwamba sikuwa nimekikimbia kilio changu, nilikuwa nimekifuata.

"Hiyo mimi sikukufundisha," senge akasema taratibu.

Jumamosi mchana, Kibomet, mama mkwe alikuwa ameketi uani, wembe juu ya sahani. Nilivua kitambaa.

"Nimekata mwenyewe. Zimeungulia kwenye chungu hiki."

"Ati nani alikuruhusu?" shemeji akafoka. "Si hiyo ni kazi ya jamaa, bana!"

Mama mkwe alikipakata chungu, akafuata mistari kwa kidole, polepole, mpaka ukingoni.

"Hii ni mkono ya mtoto yangu," akasema. "Kabla akuoe, alikuwa ananisuka hivi hivi." Akafunga wembe kwenye karatasi yake. "Mimi walininyoa mara mbili. Hakuna mtu aliniuliza."

Mama mkwe akagusa nywele zake chini ya kitambaa.

"Senge yako bado ako na udongo?"

Jumatatu asubuhi, kwenye ukungu, tulikuwa wawili barabarani, tukielekea Bungoma.