Nilibeba salamu kutoka Isebania, zikakataliwa Mbita: jinsi blog yangu ilivyopata watu

Wakuu, nawasalimu wote, walio kazini na wanaojifanya wako kazini.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Wahusika wawili nimewaomba ruhusa kabla, kwa hiyo msiniambie nimeanika watu. Mmoja ameweka sharti kwamba nitaje ngozi yake ni laini kuliko umri wake. Basi nimetaja, tuendelee.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni nguo, natengeneza mashine zenyewe. Shule niliishia form four, nikajifunza kazi kwa mjomba, na tangu hapo ni barabara tu. Nyumbani ni Migori, lakini mke wangu husema nyumbani kwangu ni pale begi langu limewekwa. Leo Kehancha, kesho kutwa Kendu Bay, halafu Homa Bay, Mbita, Sindo, narudi.

Niliwahi kukodi kibanda nitulie kama watu wa rika langu. Miguu ikaanza kuniwasha. Shida yangu ni kwamba nikiwa Sindo nakumbuka baridi ya asubuhi ya Kehancha, na nikifika Kehancha natamani ile harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikianikwa Sindo. Nimezidi miaka arobaini na sijapona.

Sasa, blog.

Mpwa wangu Akinyi anasoma college. Siku moja aliniambia, "Uncle, wewe unazunguka sana halafu unaongea sana. Si uandike?" Akanifungulia blog kwa simu yangu, akanionyesha pa kubonyeza.

Wakuu, nilianza vibaya.

Nilienda kusoma blog za watu wanaosafiri, nikaona wote wanaandika Kiingereza cha kupigwa pasi. Nami nikapiga pasi. Kendu Bay nikaiita hidden gem, eti kito kilichofichika. Kendu Bay! Mji ambako bibi yangu alikuwa anauza vyungu kabla sijazaliwa. Nani aliuficha? Nikaandika kwamba jua linabusu maji. Jua la Kendu Bay halibusu mtu, linachoma.

Wasomaji walikuwa Akinyi, mimi mwenyewe, na mtu fulani wa kuuza dawa ya kuotesha nywele aliyekuwa ana-comment kila post. Nilikuwa nafurahi hata kumwona huyo.

Karibu niache.

Kilichonibadilisha ni maswali ya wateja. Kule Kehancha wateja wangu wengi ni Wakuria. Kikuria changu kinatosha kusalimia na kuomba chakula, na Dholuo, lugha yangu, wao hawana, kwa hiyo tunaongea Kiswahili. Siku hiyo nilikuwa nimelala chini ya mashine nafunga mkanda, na mwenye duka ananihoji kama kawaida.

"Fundi, umetoka wapi?"

"Homa Bay."

"Yule mama wa huko aliyeumia mguu amepona?"

Nikajibu amepona, sasa anakanyaga mashine kama anayefukuzwa. Mwenye duka akafurahi kweli, akasema, "Mwambie pole, na umwambie asikanyage sana."

Nikaketi pale chini nikafikiria. Hawa wawili hawajawahi kuonana. Wanajuana kwa mdomo wangu tu. Kwa miaka nimekuwa nabeba habari za mafundi kutoka soko hadi soko, nani amejifungua, nani amehama, na uzi wa kampuni gani unakatika. Na kwa blog nilikuwa naficha hayo yote ili niongee juu ya jua.

Nikingoja chai, niliandika post fupi kwa Kiswahili changu hiki hiki. Nimetoka Homa Bay, mvua imekula barabara ya kwenda sokoni, mama wa mguu amepona na anawasalimu Kehancha. Anauliza kama nanyi mnaletewa ule uzi mweusi unaokatika.

Nikatuma. Kabla sijamaliza chai, mtu akaandika: "Hata Rongo unakatika. Tulidhani ni mashine."

Wakuu, comment hiyo niliisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.

Mafundi wakaanza kutumiana post zangu kwa WhatsApp. Kisha wakaja na wasioshona: wa Nairobi, wa Doha, watu waliotoka huku zamani. "Ukipita Sindo, nisalimie shangazi yangu pale kwa wauza samaki." Napita, namtafuta, nampa salamu, anajibu, naandika jibu. Nikajiwekea sharti moja, kwamba jibu nitaliandika kama lilivyotoka mdomoni. Shangazi wa Sindo alijibu, "Mwambie salamu haziliki, atume kitu." Nikaandika hivyo hivyo. Huyo jamaa alichekwa na watu mpaka akatuma.

Ndipo akaja Boke.

Boke ni Mkuria, ana duka la kushona Isebania, karibu kabisa na mpaka. Mashine zake nilikuwa sijawahi kuzigusa, alinijua kwa blog. Aliniita dukani, akanitengea kiti. Halafu akauliza, "Fundi, Mbita unamjua Mama Pamela?"

Nani hamjui? Mama Pamela amefundisha wasichana wengi kushona, na mdomo wake unasikika hadi kwenye feri.

Boke alijifunza kwake. Akiwa amebakisha kidogo kumaliza, kaka yake akampatia kibanda Isebania, achukue siku hiyo au kiende kwa mwingine. Mama Pamela alikuwa makambi, ile mikutano ya kanisa lao la Sabato. Boke akafunga virago akaenda.

"Nilisema nitarudi nimwambie," alisema. "Mwezi ukaisha. Mwingine ukaisha. Kila nikichelewa, kurudi kunazidi kuwa kugumu."

"Sasa unataka nini?"

"Watu wananiletea wasichana wao niwafundishe. Nawarudisha. Nitafundishaje mtu na mimi kwa mwalimu wangu nilitokea dirishani? Nibebee salamu. Akizipokea, nitachukua wanafunzi."

Nikabeba.

Mbita, nilimkuta Mama Pamela akipigana na oveloki, mashine ya kufunga kingo za nguo. Nikatoa salamu kwa adabu zote, na jina la mwenyewe. Aliinua miwani.

"Boke yupi? Huyu wa Isebania?"

"Ndiye."

"Yawa! Rudisha."

"Mama, salamu zinarudishwaje?"

"Ulivyozileta. Si una begi?"

Akaniambia jambo ambalo Boke hakuniambia. Kila mwanafunzi wake akimaliza humshonea gauni moja, naye hulivaa kanisani Jumamosi. Anapita mbele polepole, watu waone kazi ya mkono wa mtoto. Ndiyo sherehe yao. Alikuwa ametangazia akina mama kwamba zamu inayofuata ni ya Boke. Alirudi kutoka makambi akakuta kiti kitupu.

"Kanisa lote lilikuwa linangoja, Fundi. Nikaingia na gauni la mwaka juzi. Wakaniuliza, gauni la leo liko wapi? Nikajifanya nakohoa."

Nikauliza kama naweza kuandika kwamba amekataa.

"Andika! Na uandike kwa herufi kubwa."

Wakuu, hapo nilikwama. Nilimpigia Akinyi. Akasema, "Uncle, andika tu zimefika. Si zimefika? Kukataliwa ni habari nyingine." Na nilitaka kufanya hivyo. Blog ilikuwa sehemu ya furaha, watu wanasoma wakicheka. Nani anataka kuona msichana wa watu akikataliwa mbele ya kila mtu? Zaidi ya hapo, niliogopa Boke ataumia na watu watakimbia.

Nikampigia Boke mwenyewe, nikamweleza yote, hata ya gauni. Nilisikia mashine ikisimama upande wa pili.

Kisha akasema, "Andika, Fundi. Ukisema zimepokelewa, na zile zingine zote ulizosema zimepokelewa nitaziamini vipi?"

Nikaandika. Salamu za Boke wa Isebania zimekataliwa na Mama Pamela wa Mbita, sababu ni hii, maneno yake ni haya. Nikazima simu kama mtu aliyerusha jiwe kwa paa la jirani.

Nilipoiwasha, wakuu, watu walikuwa wamejaa.

Makanika wa Awendo alisema mwalimu ana haki, ufundi si mandazi ya kuchukua ukikimbia. Mwingine akamjibu kwamba kaka akikupatia kibanda leo, huwezi kungoja makambi yaishe. Mpishi wa Doha akakiri alimtoroka mama aliyemfundisha chapati Homa Bay, na hadi leo akisukuma unga anahisi yule mama amesimama nyuma. Mtu akaandika, "Sisi wa kanisa tumeshamsamehe. Tunataka tu kuona gauni."

Na watu wakaanza kutaja waliowafundisha kazi. Bila kuambiwa. Kinyozi, mwuguzi, dereva wa lori, kila mmoja na jina la mtu wake na mji. Wengine wakagundua wamefundishwa na mtu mmoja, wakaanza kuulizana hali. Nikawa nasoma tu. Blog haikunihitaji tena, walikuwa wanaongea wenyewe.

Niliporudi Mbita kwa ile oveloki, Mama Pamela alikuwa amesikia. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vibonye, haina internet, kwa hiyo akaniambia, "Soma."

Nikasoma huku nimeshika bisibisi. Alibishana na kila comment kama mwenyewe amesimama mlangoni.

"Huyu wa Awendo ana akili. Ameoa?"

"Sijui, Mama."

"Na huyu wa kibanda amelelewa na nani? Soma mwingine."

Nilipofika kwa mpishi wa Doha aliweka mkasi chini. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Kumbe mtu anaweza kwenda mbali hivyo na bado anaogopa," alisema, si kwangu.

Nilipomsomea ya watu wa kanisa alipiga meza. "Huyo ni mke wa mzee wa kanisa! Namjua! Midomo yake!" Na akacheka mpaka miwani ikaanguka.

Kisha akaniamuru niandike jibu lake, yeye anasema mimi nabonyeza. Ni hili, sijaongeza kitu:

"Mimi ni Mama Pamela. Salamu za kutumwa sipokei. Na asishone kwa kipimo cha zamani, nimenenepa. Aje apime mwenyewe."

Boke alikuja wiki hiyo hiyo. Nilikuwepo, na sitajifanya ni kwa bahati. Nilikuwa nimechelewesha safari ya Sindo makusudi.

Alisimama mlangoni na mfuko wa kitambaa. Mama Pamela hakumsalimu. Aliinuka, akavua koti, akanyoosha mikono pembeni kama anayetaka kuruka. Boke akatoa tepu shingoni akaanza kupima. Bega. Kifua. Alipofika kiunoni akaandika haraka, na Mama Pamela akachungulia kile kikaratasi.

"Hii namba ni ya nani?"

"Ni yako, Mwalimu."

"Si yangu. Umenipunguza."

"Nimeogopa."

"Nyathina," akamwambia, yaani mtoto wangu, "ukinishonea ya kunifurahisha, itanipasukia kanisani. Pima tena. Nishonee inayonitosha."

Boke akaanza kucheka na kulia pamoja, tepu ikamwanguka, na yule mama akamvuta akamkumbatia kwenye kile kiuno chake mwenyewe alichokuwa anakipigania. Mimi nikajifanya natafuta skrubu.

Gauni lilivaliwa Jumamosi. Naambiwa alipita mbele mara mbili. Boke sasa ana wanafunzi watatu Isebania, na mmoja tayari anabishana naye, kwa hiyo mambo ni sawa.

Wakuu, wale mnaotaka kuandika: mimi nilipoteza muda mwingi nikishona Kiingereza cha kufurahisha watu nisiowajua. Kilichonipa wasomaji ni kuandika kama ninavyoongea nikiwa chini ya mashine, na kuacha jibu baya libaki baya. Niliyeogopa kumpoteza kwa ukweli ndiye aliyeniambia niuandike.

Sasa nafasi ni yenu. Wewe kazi yako ulifundishwa na nani, mji gani, na mliagana vipi? Kama hamkuagana, sema pia. Wa kunikosoa akaribie, nimezoea kukataliwa. Na kama mtu wako yuko kati ya Isebania na Mbita, taja jina lake. Begi liko tayari.