Nyavu Chini ya Nyumba ya Mama

Miaka ile saruji ilipokuwa ya kibali, nyumba ya mama kule Bunda ilipasuka mara mbili. Udongo mweusi wa mbuga hauna adabu: masika unavimba, kiangazi unanywea na kuchanika, na ukuta unafuata. Safari ya pili ufa uliingia kiganja changu chote. Nikamwambia mama ahamie kwangu mjini, Kamunyonge, nilikopanga chumba. Akanijibu kwamba shamba lake halipandi basi. Niligomba mpaka sauti ikakauka.

Biashara ilipofunguliwa, nyavu mpya zikaingia, na za nailoni zilizochakaa zikazagaa ufukweni mwa ziwa, Bukima. Fundi mmoja wa Mukendo, mtu mpole aliyevumilia kelele zangu, akasema tuzijaribu: tuzikate vipande vya urefu wa kidole, tuvichanganye na udongo ule pamoja na moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, kisha tushindilie kwenye msingi mpya. Nyuzi zingeushika udongo usichanike. Nikampa mama mwaka mmoja. Ukuta ukipasuka tena, anahama. Akakubali kwa shingo upande.

Nyavu alizileta mjomba, kaka yake mama, mvuvi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa wavuvi wavu ukichanika hushonwa, haukatwi. Kuutia panga ni sawa na kuchinja ng'ombe anayekamwa. Ijumaa, fundi alipokwenda kuswali, mjomba akatandika wavu mzima kwenye mtaro wa msingi, akaufukia. Fundi aliporudi na kuanza kushindilia, udongo ulirukaruka tu juu ya wavu, ukakataa kushikana na wa chini.

"Wavu mzima ndo unashikaga," mjomba akajitetea.

"Unashikaga samaki, mzee," fundi akamjibu. "Huu udongo hauna mapezi."

Mimi nilifoka bila heshima, kisha nikaona aibu. Tukafukua wote. Mjomba alishika panga mwenyewe, akakata nyavu zake huku ameuma midomo. Fundi akashindilia upya, akainua kuta.

Masika ikapita. Kiangazi kikaja, na mashamba ya jirani yakafunguka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Nilishuka basi nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nikaizunguka nyumba, nikipapasa kila kona kwa kucha, na sikuona hata mstari. Nikakaa chini palepale nikalia kwa furaha, maana kumbe muda wote nilikuwa naogopa kushinda ule ubishi wa kumhamisha.

Mama akatoka, akanitazama.

"Ulikuwaga unakuja kunihamisha," akasema. "Leo umekuja kunisalimia. Karibu ndani, mwanangu."