Sindano Zilizolazwa Kwenye Ugali

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kiangazi pale kwetu Kurui, nilipokuwa msichana ninayejifunza cherehani, na ulimi wangu ukakaribia kumfukuza mtu aliyenitendea wema. Shule niliishia la tatu, lakini majina siyasahau.

Mwalimu wetu alikuwa Mjapani, Mwalimu Haruko, mwanamke mwembamba aliyekaa chumba cha nyuma kwa bibi yangu, Mwanahawa binti Kondo. Tulikuwa watano: mimi, Tatu Pazi, Asha Kibwana, Mwajuma Shomari na Regina, binti wa bwana shamba aliyetoka bara. Sindano ikivunjika tulizoea kuitupa dirishani. Mwalimu akatukataza. Akawa anaziokota, anazitia kwenye kopo la majani ya chai. Tukasema labda kwao chuma ni adimu.

Asubuhi hiyo nilimpelekea maji. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya sahani ya ugali wa muhogo, sindano zile zote amezichomeka humo, zimesimama kama miiba ya nungunungu. Amekutanisha viganja, ananong'ona kwa lugha yao. Wewe ungedhani nini? Kwetu sindano kwenye chakula zina maana moja tu. Ndoo nikaiacha hapo, mbio mpaka kisimani kwa wenzangu.

"Jamani, Mjapani anatuloga! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Ndiyo maana mgongo wangu haupoi," akasema Tatu.

"Mgongo wako unauma tangu hajaja," Regina akamjibu. "Si mumwulize kwanza?"

Nani amsikilize Regina! Ulimi hauna mfupa. Kufika adhuhuri kina mama walikuwa wamejaa uani kwetu, wanataka mgeni aondoke kabla ya jua kuzama, na cherehani zake aende nazo.

Bibi yangu kwa utani aliniita mke mwenza. Siku hiyo aliniita kwa jina.

"Zuhura, umemwuliza?"

"Sijamwuliza, bibi."

"Basi umeona nusu, nusu nyingine umeitunga. Nenda ukamwulize sasa hivi, na hawa uliowaita wasikie."

Nikamwuliza mbele yao wote. Mwalimu Haruko hakukasirika. Aliileta ile sahani, akaiweka katikati yetu, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Sindano hii imefanya kazi ngumu. Imetoboa kaki, imetoboa turubai. Sasa imevunjika. Kwetu leo ni siku yake. Tunailaza mahali laini, ipumzike. Tunasema asante. Dini yetu, ya Buddha, inafundisha hakuna kitu kinachosimama peke yake. Gauni ni mvua, ni mkulima wa pamba, ni sindano, ni mama aliyenifundisha."

Kwao hulazwa kwenye chakula laini cha soya. Hapa hakukipata, ndipo akasonga ugali.

Bibi akasema, "Sisi hatuna ibada ya sindano. Lakini mimi nimeshona mpaka macho yamechoka, na bibi Mwanaidi Mkwere aliyenishika mkono mara ya kwanza amekufa sijamwambia ahsante." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Kama kuna uchawi hapa," akasema mama yake Mwajuma, "ni kuharibu ugali mzuri namna hii!" Watu wakacheka, wakatawanyika mmoja mmoja.

Nilibaki mimi. Nikapiga magoti, nikamwomba mwalimu radhi. Akanikabidhi lile kopo, tupu. "Za mwaka ujao utazitunza wewe," akasema.

Alikaa nasi mpaka tulipoweza kukata suruali bila kupimiwa, kisha akarudi kwao. Mimi nikahamia Pangani, huku Kibaha, na kwa kushona sare za shule nikalea watoto wangu wanne. Kopo liko hapa juu ya cherehani. Mimi ni Mwislamu, siiombi sindano. Kila kiangazi huzichomeka kwenye bonge la ugali, nikasema Alhamdulillahi, nikawataja: Haruko, Mwanahawa, Tatu, Asha, Mwajuma, na Regina aliyesema kweli asisikilizwe. Halafu nazifukia mbali, zisimchome mtoto.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Jambo la mgeni usilolielewa, mwulize yeye kabla hujawaambia majirani. Na aliyekushika mkono mwambie ahsante angali anasikia, maana bibi yangu alichelewa. Mungu akupe kazi ya mikono yako, akupe na watu wa kuwataja. Ukivunjika kwa uchovu, mwanangu, akulaze mahali laini.